Uso wa Mtu Mwingine Kwenye Insha Yako

Ukimaliza kuandika insha kuhusu mama yako, au bibi, au rafiki aliyetangulia mbele za haki, na mhariri akishaipitia na kunyoosha nukta na mikato, swali lake la mwisho huwa dogo tu: "Una picha?" Analiuliza kama mtu anayekuuliza kama una chenji. Na sisi waandishi tunalijibu hivyo hivyo, haraka haraka. Tunafungua simu, tunapekua, tunatuma ile iliyotoka vizuri. Insha umeihangaikia miezi mitatu, picha umeichagua ndani ya daladala.

Naona hapo tunapita juu juu kwenye jambo zito. Insha binafsi ina ruhusa yake inayojulikana: haya ni maisha yangu, nimekumbuka mimi, nasema mimi. Dada yako akiisoma anaweza kusema "haikuwa hivyo bwana", na msomaji anaelewa kwamba kumbukumbu ni za mtu mmoja na zina mapengo yake. Lakini picha ikishakaa juu ya insha hiyo, uso unaoonekana si wako. Ni wa mtu mwingine, na umewekwa pale uthibitishe maneno ambayo mwenye uso hakuyasema, na mara nyingi hata hakusomewa.

Hivi haki yangu ya kusimulia maisha yangu inabeba pia haki ya kuonyesha sura za watu niliyoishi nao maisha hayo? Wengi wetu tunaishi kana kwamba jibu ni ndiyo. Mimi nasema hapana. Ni ruhusa mbili tofauti, na ile ya pili inaombwa upya, picha kwa picha, hata pale aliyepigwa picha ameshazikwa.

Ajabu yenyewe ni kwamba kazini tunalijua hili. Mwandishi wa habari hatoi sura ya mtoto aliyefanyiwa ukatili, hatoi maiti ambaye ndugu zake hawajaarifiwa, na chini ya picha anaeleza ni nani, wapi, lini, na nani kapiga. Tukirudi nyumbani kuandika habari za familia, taratibu zote tunaziacha mlangoni. Eti ni wangu huyu, nimuombe nani?

Picha tunazozigombania zaidi ni zile za zamani za studio, kwa hiyo nianze nazo. Pwani yetu ina historia ndefu ya studio. Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya Wazanzibari vimepita mbele ya kamera yake. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye watu walimwendea wamevaa nguo zao za Idi na za harusi. Ukiziangalia picha za namna hiyo kwa muda utaona zinafanana: pazia lililochorwa nyuma, kiti kimoja kizuri, meza ndogo yenye maua. Studio nyingi zilikuwa na koti na tai za kuazima kwa asiyekuja nazo. Na kulikuwa na sauti ambayo picha haikuihifadhi, ya mpiga picha: baba keti hapa, mama simama nyuma, weka mkono kwenye kiti, kidevu juu kidogo, usicheke.

Kwetu Tanga ipo moja ya aina hiyo. Nyeusi na nyeupe, kingo zake zina meno meno kama zilivyokuwa picha za wakati ule. Babu amekaa, Bibi amesimama nyuma yake upande wa kulia, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Sasa, insha niliyokuwa nimeandika ilihusu miaka ambayo Babu alikwenda kutafuta kazi mbali na Bibi akalea watoto sita kwa maandazi na kusuka mikeka. Weka picha ile juu ya insha hiyo uone kitakachotokea. Msomaji atauona ukatili kwenye taya la Babu. Ataona huzuni kwenye macho ya Bibi. Iweke picha hiyo hiyo juu ya insha inayosifu ndoa za zamani, na taya litakuwa la mwanamume mwenye msimamo, macho yatakuwa ya mwanamke mwenye haya. Picha yenyewe inasema jambo moja tu, kwamba siku moja watu wawili walimtii mpiga picha.

Ndiyo maana siamini ule msemo wa mtaani kwamba picha haidanganyi. Inawezekana haidanganyi, lakini inakubali kila inachoambiwa. Ukitaka kuitendea haki lazima kwanza uikubali kama kitu chenye historia yake nje ya insha yako: nani alilipia, nani aliombwa, ilikuwa ikae wapi. Picha ile ilikuwa ikae ukutani, sebuleni, ionwe na wageni wanaovua viatu mlangoni. Hakuna aliyefikiria msomaji wa Toronto akiipandisha kwa kidole gumba.

Nilikuwa na picha nne za kuchagua. Hiyo ya studio. Ya pasipoti saizi, ambayo Bibi amekodoa macho kama watu wote wanavyokodoa kwenye picha za pasipoti. Moja ya harusi ya mjomba, ambapo Bibi ni nusu ya uso nyuma ya bega la mtu. Na moja iliyopigwa uani na binamu yangu kwa simu ya zamani: Bibi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kanga imeshuka mabegani, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mabutu, anacheka mpaka macho yamefumba.

Kwa jicho la mhariri yeyote, mjadala unaishia hapo. Ya nne. Ina mwanga wa asubuhi, ina kazi ya mikono, ina kicheko. Ndiyo Bibi ninayemjua. Nikaenda nayo kwa Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye mwenye sauti ya mwisho kwetu kwa mambo ya Bibi. Nilimwamkia, nikamsomea insha yote, kisha nikampa simu. Aliiangalia picha muda mrefu, akatabasamu, akanirudishia.

"Hii hapana, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini, na ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote.

"Mama hakukaa kichwa wazi mbele ya mwanamume asiyemhusu, tangu namjua mpaka tunamvika sanda. Wewe unataka kumwitia wanaume elfu uani."

Nilibishana naye. Nilikuwa na hoja zangu, na bado naziona zina uzito. Nilimwambia kwamba picha zenye heshima zinawafanya bibi zetu wafanane wote, wamekaa kama sanamu. Kwamba tukichapisha za ushungi tu, kizazi kijacho kitadhani wanawake hawa hawakuwahi kucheka. Nilimwambia pia kwamba Bibi mwenyewe alimwona binamu ana simu mkononi na hakuinuka. Mama mkubwa akasema ndiyo, hakuinuka, kwa sababu alikuwa anapigwa picha na mjukuu wake. Hakuwa anapigwa picha na simu.

Jibu hilo sijapata la kulipinga. Ruhusa ile ilikuwa na mipaka, na mipaka yake ilikuwa uzio wa ua. Bibi alimruhusu mtu fulani amwone, mahali fulani, akiwa katika hali fulani. Teknolojia imeturahisishia kuichukua ruhusa ya uani na kuitumia barabarani, na kwa kuwa ni rahisi tunadhani ni halali. Aliye hai anaweza kupiga simu akufokee, ukaiondoa. Aliyekufa amebakiwa na binti yake mkubwa tu wa kumsemea, na binti huyo akinyamaza kwa kukuonea aibu, basi.

(Nimeielezea picha hiyo hapa kwa sababu nilimuuliza. "Kusema sema," aliniambia, "lakini wasimwone.")

Hapo nikamkumbuka Roland Barthes. Mama yake alifariki mwaka 1977, na kitabu chake cha mwisho kuhusu picha, La Chambre claire, kilichotoka 1980, sehemu yake ya pili yote inaizunguka picha moja: mama yake akiwa mtoto wa miaka mitano, amesimama na kaka yake kwenye bustani ya vioo. Anaieleza ilivyofifia, anaeleza mikono ya yule mtoto. Kitabu kimejaa picha za watu wengine, lakini hiyo hakuiweka. Alisema ipo kwa ajili yake tu, na kwamba kwetu sisi ingekuwa picha ya kawaida kama nyingine. Nilipokuwa chuo niliona ni maringo ya Kifaransa. Sasa naona kama Mama mkubwa na Barthes wangekaa mkeka mmoja wangeelewana, ingawa kila mmoja kwa sababu zake: yeye Barthes alihofia tusingeona kitu, Mama mkubwa alihofia mngeona kupita kiasi. Annie Ernaux naye, kwenye Les Années cha mwaka 2008, anasimulia maisha yake picha baada ya picha, na picha zenyewe hazipo kwenye masimulizi hayo. Tunabaki na maneno, na neno linamruhusu msomaji kutengeneza uso wake mwenyewe bila kumvua mtu yeyote kanga.

Lakini sitaki ieleweke kwamba dawa ni kutoweka picha. Kuna insha ambazo bila uso ni hewa tupu, na kuna watu ambao kutoonyeshwa kwao ndiyo dhuluma waliyoishi nayo. Mbaya zaidi ni ile njia ya mkato: umekosa picha ya bibi yako, unachukua ya bibi wa mtu mwingine. Unaingia mtandaoni, unaandika "mwanamke mzee Mswahili", unaletewa uso. Hii ina ukoo wake mrefu. Zaidi ya miaka mia iliyopita wapiga picha wa Unguja kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho waliuza postikadi za wanawake wa pwani kwa wasafiri wa melini, na chini ya postikadi za aina ile mara nyingi halikuandikwa jina la mtu. Iliandikwa aina: msichana wa Kiswahili, mwenyeji wa Zanzibar. Kila unapoweka sura usiyoijua juu ya habari za mtu unayemjua, unaendeleza biashara ile ile. Najua W. G. Sebald alifanya hivyo na tunamsifu. Yule mtoto mwenye joho jeupe kwenye jalada la Austerlitz alitoka kwenye postikadi ya zamani ambayo nyuma yake imeandikwa Stockport na bei, peni 30. Ila ile ni riwaya, na mashaka kuhusu picha ni sehemu ya riwaya yenyewe. Insha yako imeahidi kitu kingine.

Na hata ukishachagua kwa haki, bado kuna kuiandaa. Watu wanadhani kuandaa ni ufundi tu: ukubwa wa faili, mwangaza, kunyoosha. Mengi ni ufundi kweli. Picha ya karatasi usiibandue kwenye albamu kama imeshikwa na gundi, iskani ikiwa humo humo. Huna skana, isogeze karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi, simama wima juu yake ili kingo zisipinde. Piga na nyuma yake pia, kwa sababu nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio na mwandiko wa kalamu. Tunza nakala ambayo haijaguswa. Kama picha imepigwa kwa simu, futa taarifa za mahali kabla ya kuituma, maana simu nyingi huandika ndani ya faili hatua kwa hatua ilipopigiwa, na huna sababu ya kumpa kila msomaji ramani ya nyumba ya shangazi yako.

Ila ukishaanza kukata na kusafisha, unaandika upya. Mnakumbuka picha ya Dorothea Lange ya yule mama mhamiaji, iliyopigwa California mwaka 1936, watoto wawili wamemgeuzia kamera kisogo. Pembeni kulikuwa na kidole gumba kimeshika nguzo ya hema. Kilimkera Lange, na mwaka 1939 kikafutwa kwenye negativu. Kidole tu, utasema. Lakini picha ile ilikuwa ya serikali, ushahidi wa hali ya watu, na mkono ule ulikuwa wa mtu. Mama mwenyewe, Florence Owens Thompson, jina lake lilikuja kujulikana na umma mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya uso wake kuzunguka dunia miongo minne, na alilalamika kwamba hakupata hata senti.

Zana za leo zinafuta zaidi ya kidole. Aprili 2021, tovuti ya Vice ilichapisha picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, zilizotiwa rangi na msanii mmoja. Hawa ni watu waliopigwa picha na Khmer Rouge walipokuwa wakiingizwa gerezani, na karibu wote waliuawa. Ndugu na wasomaji wakagundua kwamba baadhi yao walikuwa wameongezewa tabasamu. Serikali ya Kambodia ikalalamika, Vice wakaziondoa. Mtu alitazama uso wa anayesubiri kifo akaona unahitaji kuchangamshwa!

Usiseme hilo ni la mbali. Programu za akili mnemba za kusafisha picha za zamani zimejaa kwenye simu zetu, na zinafanya kazi kwa kukisia. Pale palipofifia zinaweka macho yanayofanana na macho, meno yanayofanana na meno. Niliijaribu moja kwenye picha ya harusi, ile ya nusu uso. Ikatoa mwanamke safi kabisa, ngozi laini, meno yamepangika. Bibi alikuwa na mwanya, na mjini kwao wapo waliomjua kwa huo. Nikaifuta. Vumbi na mikwaruzo naondoa bila wasiwasi, kwa sababu havikuwa usoni kwake. Chochote kilichokuwa usoni kinabaki, hata kama kimefifia kiasi cha kuwa doa.

Kuna aina moja ya picha ambayo sina subira nayo: mgonjwa kitandani. Tunazo nyingi, kwa sababu ndugu wa mbali wanataka kujua hali, mtu anapiga, anatuma kwenye grupu la WhatsApp la familia, na siku ya msiba zinaanza kusambaa. Mwandishi wa insha ya maombolezo anaikuta hapo, mirija puani, mdomo wazi, na anaiweka kwa nia njema ya kuonyesha mateso yalivyokuwa. Mgonjwa yule hakuwa na nguvu ya kugeuza shingo. Kama alikuwa na akili zake asingekubali, na kama hakuwa nazo basi hakukubali. Yaandike mateso hayo, uwezo unao.

Basi tulifikia picha ya studio. Mhariri aliomba tumkate Babu, abaki Bibi peke yake, kwani insha ni ya Bibi na picha ya wima inakaa vizuri kwenye simu. Nikakataa. Kumkata mtu ambaye insha inamlaumu ni kumwondoa shahidi mahakamani halafu kusoma hukumu, na mkono wa Bibi ungebaki umeshika hewa. Ikaenda ya mlalo, nzima, na meno meno yake.

Ikabaki kuandika maelezo chini yake. Niliandika: Bibi na Babu, studio, Tanga, miaka ya 1960. Mpiga picha hakuacha jina. Imetolewa na binti yao mkubwa. Nikampelekea Mama mkubwa, nikamsomea. Akaniambia nirudie aya ya sita ya insha, ile ninaposema Babu aliwatelekeza. Nikarudia. Akasema yeye hakutelekezwa. Barua zilikuja, na fedha zilikuja kila Babu alipopata mtu wa kumpa, na yeye ndiye aliyekuwa akimsomea Bibi barua hizo. Mama yangu, aliyekuwa mdogo, anakumbuka njaa. Wote wawili walikuwa nyumba moja.

Neno langu nimeliacha kwenye aya ya sita, maana ndivyo nilivyolipokea kwa mama. La Mama mkubwa nimeliongeza chini ya picha: kwa kumbukumbu ya binti yao mkubwa, Babu alikuwa akiandika na kutuma fedha. Mhariri alinipigia jioni ile kuniuliza kama nimeona kwamba maelezo ya picha yanapingana na insha. Nikamwambia nimeona, na tuyaache.